Fedha ya Zanzibar: Nani Huitoa, Nani Huishika, Nani Huikopa



Nimeombwa nizungumze juu ya sarafu na benki katika kisiwa kidogo kinachojitawala, nami nimechagua kisiwa chetu wenyewe. Zanzibar ina Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, mahakama zake na bajeti yake. Haina sarafu yake. Shilingi inayonunua samaki Darajani ndiyo inayonunua mchele Kariakoo na dagaa Mwanza. Sura ya Mzee Abeid Amani Karume iliyomo katika sarafu ya shilingi 200 na ile ya shilingi 500 imewekwa humo na Benki Kuu ya Tanzania, na makao makuu ya benki hiyo yako Bara.

Kila mjadala wa Katiba unapopamba moto, huzuka hoja kwamba Zanzibar irudishiwe sarafu yake. Wanaoidai huzungumza kwa uchungu, wanaoipinga hujibu kwa hofu. Leo nawaomba tuviweke pembeni vyote viwili, tuhesabu. Nitakayosema ni haya: fedha iliyotumika Zanzibar imekuwa na mlezi wa nje kwa karne mbili sasa, hata katika miaka ile iliyobeba jina la Zanzibar. Kilichobadilika kutoka zama hadi zama ni mambo matatu: nani alichukua faida ya kuitoa fedha hiyo, nani alishika akiba iliyo nyuma yake, na nani aliamua kama mkulima wa Wete au mvuvi wa Nungwi akopeshwe ama asikopeshwe. Ninaamini ugomvi wetu wa leo ungekuwa na manufaa zaidi kama ungehamia kwenye mambo hayo.

Tuanze na reale. Mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19 alihesabu mali yake kwa reale, lakini reale hazikuwa za namna moja. Ilikuwepo reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo Vienna waliendelea kuipiga kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia mwenyewe kufariki. Ilikuwepo reale ya mzinga ya Wahispania. Ilikuwepo reale Fransa, yaani kipande cha faranga tano. Wamarekani, waliofanya biashara hapa kwa mkataba wa 1833 uliowatoza ushuru wa asilimia tano, walileta pia dhahabu yao. Chini ya hizo zote zilikuwa pesa za shaba zilizotoka India, ambazo mtu wa kawaida alinunulia muhogo na nazi. Hata siasa zilipimwa kwa fedha hiyo ya kigeni: mwaka 1861, Waingereza walipoamua ugomvi wa warithi wa Sultani Seyyid Said, Seyyid Majid wa Zanzibar aliamriwa kumlipa nduguye wa Maskati reale 40,000 kila mwaka, nazo zilikuwa reale za Maria Theresa.

Wakati huohuo kisiwa hiki kilikuwa kikisafirisha fedha ya watu wengine. Kampuni za Hamburg, ikiwemo ile ya O'Swald, zilinunua kauri katika pwani yetu kwa bei ndogo na kuzisafirisha kwa merikebu hadi Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha halali sokoni. Wazungu wale walijipatia faida kubwa kwa kupeleka fedha mahali ilipokuwa adimu, mpaka kauri zikajaa kule na thamani yake ikaanguka. Aliyebaki na magunia ya kauri zisizonunua kitu ni mkulima na mchuuzi wa huko. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha waziwazi kile ambacho noti za karatasi hukificha: anayeileta fedha hupata faida, na inapoharibika, hasara humwangukia anayeitumia.

Mikopo ya zama zile ilikuwa mikononi mwa nyumba chache za Kihindi. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi: ilimlipa Sultani kiasi cha mwaka, ikakusanya ushuru yenyewe, na ilipobidi ilimkopesha Sultani huyohuyo. Tharia Topan, aliyeishika forodha baadaye, ndiye aliyempa Tippu Tip mali ya mkopo kwa safari zake za pembe za ndovu. Kwa hiyo benki ya kwanza ya Zanzibar ilikuwa mtu na daftari lake. Dhamana ya mkopo ilikuwa msafara ambao huenda usirudi, au shamba la mikarafuu, na mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Historia yoyote ya fedha ya Zanzibar inayoruka jambo hilo haisemi kweli.

Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Wenye mashamba wa Unguja walilazimika kupanda upya, na mkarafuu hauzai kesho. Mtu hungoja miaka mingi kabla ya mavuno ya maana. Walikopa ili kuivuka miaka hiyo ya kungoja. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, gharama ya kuchuma nayo ikapanda, na deni likaongezeka juu ya deni.

Hapa lazima nieleze bei khiyari, kwa sababu wajukuu wengi wa wenye mashamba hawajui jinsi mashamba yalivyoondoka. Riba ni haramu kwa Mwislamu, kwa hiyo mkopo uliandikwa kama mauzo. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake, kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda waliokubaliana, shamba linarudi kwake. Muda huo wote alibaki shambani akilima na kuchuma, huku akimlipa mkopeshaji kodi ya mwaka. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya mkopo. Karafuu zikikosa bei msimu mmoja, kodi hailipiki. Zikikosa misimu miwili, shamba limekwenda. Simlaumu kila mkopeshaji. Wengi wao nao walikuwa na madeni kwa nyumba kubwa za Bombay, na waliwakopesha watu ambao hakuna benki ya Kizungu iliyowafungulia mlango. Lakini matokeo yalikuwa hayo: mwenye shamba alimiliki mti, na mkopeshaji akamiliki mavuno.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijaribu kuipa nchi sarafu yake. Mwaka 1882 zilitoka reale za fedha zilizopigwa Ubelgiji kwa jina lake, na hata za dhahabu. Hizo zilikuwa chache. Zilizoenea ni pesa zake za shaba zenye picha ya mizani, na hadi leo mtu hulima uwanja wa nyumba akaiokota moja. Reale moja ilikuwa sawa na pesa 136. Hesabu hiyo inashangaza mpaka ukumbuke kwamba rupia ya India ilikuwa na pesa 64, na reale ilikwenda kwa rupia mbili na anna mbili: mara mbili ya 64 ni 128, ongeza nane kwa zile anna mbili, unapata 136. Sarafu ya Barghash ilibeba jina la Barghash, lakini hesabu yake ilitoka Bombay.

Na Bombay ndiyo iliyoshinda. Mwishoni mwa karne ya 19 bei ya madini ya fedha ilikuwa ikishuka duniani. Mwaka 1893 serikali ya India iliacha kuwapigia watu rupia kwa kila fedha waliyoileta, na baadaye rupia ikashikizwa kwenye pauni, rupia 15 kwa pauni moja. Reale iliendelea kuanguka pamoja na madini yake, rupia ikasimama. Mfanyabiashara mwenye akili alitupa reale akashika rupia. Hakuna amri ya Sultani wala ya Balozi wa Kiingereza iliyohitajika. Tulikuwa tukila mchele uliokuja kwa meli za India, tukivaa nguo kutoka hukohuko, na sehemu kubwa ya karafuu zetu ikiuzwa Bombay. Sarafu ilikwenda ilikokwenda biashara.

Mwaka 1908, Zanzibar ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 na Seyyid Ali bin Hamud akiwa kwenye kiti, ilianza kutoa noti zake: rupia 5, 10, 20, 50 na 100. Noti za rupia ndizo pekee zilizowahi kutolewa kwa jina la Serikali ya Zanzibar. Nawaombeni vijana mnaopenda historia mzitazame katika makumbusho au katika vitabu vya wakusanyaji. Hazina sura ya mfalme. Kuna jahazi, na kuna ahadi: Serikali ya Zanzibar inaahidi kumlipa mwenye noti, hapa Zanzibar, kiasi kilichoandikwa. Ahadi imetolewa Unguja na inalipwa Unguja.

Je, noti hizo ziliipa Zanzibar uhuru wa fedha? Ziliipa kitu kimoja, tena chenye thamani. Mtu akileta rupia ya fedha akachukua noti, rupia ile inabaki kwa serikali. Sehemu yake ikiwekezwa katika hati zenye kuzaa faida, faida ni ya serikali iliyotoa noti. Hicho ndicho kipato cha kutoa fedha. Lakini thamani ya rupia ya Zanzibar ilikuwa sawa kabisa na ile ya India. Rupia ya India ikipanda, yetu inapanda. Ikishuka, yetu inashuka. Waliokuwa wakiamua hayo walikaa Calcutta, Delhi na London.

Hata hivyo kulikuwa na wakati mmoja ambapo kubaki na rupia kulileta tofauti kubwa, na sijaona jambo hili likisemwa vya kutosha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya madini ya fedha ilipanda ghafla na rupia ikapanda nayo. Kenya, Uganda na Tanganyika ziliondolewa katika rupia. Rupia iligeuzwa florini, kisha florini ikagawanywa kuwa shilingi mbili, na bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919, ikikaa London, ikaanza kutoa fedha kwa nchi hizo. Aliyekuwa na deni la rupia 100 Mombasa alijikuta ana deni la shilingi 200. Zanzibar haikuingia. Ilibaki na rupia, na rupia ikarudi chini mpaka ikakaa kwenye shilingi moja na peni sita za Kiingereza. Zanzibar ilipojiunga na bodi hiyo mwaka 1936, rupia moja ilivunjwa kwa shilingi moja na sumuni. Deni la rupia 100 la Unguja likawa shilingi 150.

Tazameni tofauti ya robo nzima kati ya mdeni wa Mombasa na mdeni wa Unguja. Kwa upande wa pili, mwenye mshahara wa rupia naye alipata shilingi chache zaidi, na aliyeweka akiba ya rupia chini ya kitanda alipoteza. Kiwango cha kubadilishana fedha hugawa mali kati ya mdai na mdeni, kati ya mwajiri na mwajiriwa, bila bunge kupiga kura na bila hakimu kutoa hukumu. Anayetaka sarafu yake lazima ajibu swali hilo kwanza: siku ya kubadilisha, nani atalipwa na nani atapunjwa?

Miaka ileile ya 1930 deni la mashamba lilifikia pabaya kiasi kwamba serikali iliingilia kati. Mwaka 1934 ilipitisha sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wadai, na ikaupa nguvu Umoja wa Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 umoja huo ulipewa haki ya kipekee ya kununua karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa waligoma, na Chama cha Congress kule India kikawaunga mkono kwa kuwataka watu wasinunue karafuu za Zanzibar. Mwaka 1938 pande mbili zilipatana. Kutokana na mvutano ule sisi tunajifunza kwamba mkopo wa mkulima ni jambo la siasa ya nchi, na kwamba bila soko la nje sheria nzuri ya mkopo haimwokoi mtu.

Sasa shilingi. Kuanzia 1936 hadi Mapinduzi, na muda kidogo baadaye, fedha yetu ilitolewa na bodi ya pamoja ya Afrika Mashariki. Kanuni ilikuwa kwamba kila shilingi iliyotoka iwe na thamani yake kwa pauni iliyowekwa London. Ulikuwa utaratibu imara, lakini ulimaanisha kwamba akiba ya watu maskini wa Afrika Mashariki ilikaa katika hati za serikali ya nchi tajiri, wakati mkulima wa Pemba hana pa kukopa ila kwa mwenye duka. Mabenki ya kigeni yaliyokuwa Unguja yalihudumia biashara ya bandari, na si kosa kusema kwamba mkulima mdogo hakuwahi kuingia humo isipokuwa kama tarishi.

Ndipo tunafika mahali penye uchungu wa leo. Zanzibar ilipoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, Mkataba wa Muungano uliorodhesha mambo 11 ya Muungano. Sarafu haikuwemo. Haikuhitajika kuwemo, kwa sababu pande zote mbili, pamoja na Kenya na Uganda, zilikuwa zikitumia fedha ya bodi moja. Mwaka 1965 nchi hizo ziliamua kila moja iwe na benki kuu yake. Ilibidi swali liulizwe: Zanzibar itakwenda wapi? Jibu likawa ni kuongeza jambo la 12 katika orodha: sarafu, noti, mabenki na shughuli zote za benki, pamoja na usimamizi wa fedha za kigeni. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966.

Bodi ile ilipovunjwa, mali zake ziligawanywa kwa waliokuwa wanachama, na Zanzibar ilikuwa mwanachama kwa miaka 30. Wawakilishi wetu wameuliza mara kwa mara barazani: fungu la Zanzibar lilikwenda wapi, na kama liliingia katika mtaji wa Benki Kuu, Zanzibar ina hisa ngapi humo? Naliona swali hili kuwa la haki kabisa. Ni swali la hesabu, na hesabu hujibiwa kwa hesabu. Kulijibu kwa kusema kwamba anayeuliza anataka kuvunja Muungano ni kumdhulumu muulizaji na kuudhoofisha Muungano wenyewe.

Mzee Karume, Rais wa Zanzibar wakati huo, kwa upande wake hakungoja. Mwaka huohuo wa 1966 iliundwa Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ kama tunavyoiita wote, na katika zama zake fedha za kigeni zilizotokana na karafuu zilishikwa na Zanzibar yenyewe, nje ya Benki Kuu. Mwaka 1968 biashara ya karafuu ikakabidhiwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kwa hiyo katika miaka ile, pamoja na sarafu kuwa ya Muungano kwa sheria, Zanzibar ilikuwa na akiba yake na benki yake. Bei ya karafuu ilikuwa nzuri, na kisiwa kilijenga majumba ya Michenzani kilipokuwa na fedha hizo. Nguvu hiyo ilitoka kwenye karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilipojitosheleza kwa karafuu zake miaka ya 1980, bei ilianguka na nguvu ile ikaondoka nayo.

Wakati huo ndipo tulipoonja maana ya kuwa ndani ya sarafu ya mwingine. Juni 1986 shilingi ilishushwa thamani kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake kwa uchumi wa Bara, wenye kahawa, pamba na viwanda vilivyosimama. Zanzibar, ambayo hula mchele wa kununua, ilipata bei mpya sokoni kwa mkupuo. Mnaweza kusema kwamba sarafu yetu ingeanguka hivyohivyo au zaidi, kwa kuwa karafuu zilikuwa zimekwisha nguvu. Nakubali. Ndiyo maana nasema sarafu pekee haitoshi kuwa jibu.

Nitoke nje ya Bahari ya Hindi kidogo. Kati ya Uingereza na Ireland kuna Kisiwa cha Man. Kina bunge lake, Tynwald, na sheria zake. Si sehemu ya Ufalme wa Muungano, ingawa kinamtambua mfalme huyohuyo. Watu wake ni kiasi cha 84,000. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773. Kisiwa hicho kidogo hutoa noti zake. Zamani zilitolewa na mabenki ya hapo. Tangu 1961 hutolewa na serikali. Pauni ya Man ni sawa na pauni ya Uingereza, moja kwa moja, na nyuma ya noti zote huwekwa akiba kamili ya pauni. Je, wanaamua riba yao? La. Riba huamuliwa London. Wanachopata ni kile tulichokiona katika rupia ya 1908: faida ya akiba iliyo nyuma ya noti huingia katika hazina ya kisiwa.

Watu wa Man wamejifunza kwa gharama. Peni 14 za shaba zilikuwa sawa na shilingi moja kwao, wakati Uingereza zilikuwa 12. Mwaka 1840, zilipolazimishwa kuwa 12, watu waliona wamepunjwa na wakafanya fujo mitaani. Mwaka 1900 benki ya Dumbell ilianguka na kuteketeza akiba za familia nyingi. Oktoba 2008 kampuni tanzu ya Kisiwa cha Man ya benki ya Kiaislandi ya Kaupthing ilifungwa. Sehemu kubwa ya fedha za wateja ilikuwa imewekwa katika benki dada iliyoko London, na mamlaka za London zilipoikamata benki hiyo, fedha za kisiwa zilinaswa humo. Kisiwa kilikuwa na noti zake na bunge lake, lakini uamuzi uliofunga amana za watu wake ulitolewa ng'ambo.

Nawaomba mlinganishe. Mtu wa Man hupata faida ya kutoa fedha kupitia noti zake. Sisi tunapaswa kuipata kupitia gawio la Benki Kuu, na kwa muda mrefu kiwango kilichotumika kwa Zanzibar kimekuwa asilimia 4.5. Njia ni mbili, jambo ni moja. Kwa hiyo anayepigania noti zenye jahazi na karafuu kwa ajili ya kipato, kwa hakika anapigania ukubwa wa asilimia ile na uhalali wake. Basi tuipiganie hiyo moja kwa moja! Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara za 133 na 134, inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, ili mapato na gharama za Muungano zijulikane na zigawanywe kwa kanuni. Kwa miongo mingi akaunti hiyo ilibaki katika maandishi tu. Asilimia iliyopatikana kwa makadirio ya muda haifai kuwa urithi wa wajukuu.

Na sarafu ya pili je? Nani hapa hajaona bei za dola katika hoteli na mikahawa ya Mji Mkongwe? Mwaka 2025 kanuni mpya zilikataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Naziunga mkono. Mpishi wa hoteli ya Paje hulipwa shilingi. Si haki mwajiri wake akusanye dola, aziweke nje, kisha kisiwa kihangaike kutafuta dola za kununulia mchele. Karafuu za leo ni utalii, na fedha zake za kigeni hazipaswi kutuponyoka.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni mkopo. PBZ ilianzisha huduma za kibenki za Kiislamu mwaka 2011, na watu waliokuwa wakizikwepa benki kwa sababu ya riba waliingia. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ilizindua sukuk, ili ikopeshwe na wananchi bila riba. Hatua hizi nazipongeza kwa moyo mmoja. Ila mkopo wa mkulima bado haujapata ufumbuzi. ZSTC humpa mkulima wa karafuu asilimia 80 ya bei ya nje, na hiyo ni haki aliyoikosa babu yake. Lakini anayeng'oa mikarafuu mizee akapanda michanga anahitaji fedha za kungojea miaka, kama wale wa 1872. Mfanyakazi wa serikali hukopa kwa hati ya mshahara wake ndani ya siku chache. Mama wa mwani wa Jambiani hana hati hiyo, naye hutegemea upatu wa jirani zake. Benki inayoitwa ya watu haina budi kumfikia mama huyo, kwa mkataba wa ushirika wa halali usioficha kodi ndani ya mauzo, na kwa muda unaolingana na zao lake.

Ndugu zangu, nina maombi matatu, nami nayaelekeza kwa serikali zote mbili, kwa Benki Kuu na kwenu vijana mtakaoshika nafasi hizo. Hesabu za kuvunjwa kwa bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki zitolewe hadharani, kwa Kiswahili, zikionyesha fungu la Zanzibar lilikuwa kiasi gani na liliingia wapi. Hisa na gawio la Zanzibar katika Benki Kuu viandikwe katika sheria, kwa kanuni inayoeleweka na inayopitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Na kila benki inayokusanya amana Unguja na Pemba itangaze kila mwaka, wilaya kwa wilaya, imekusanya kiasi gani na imekopesha kiasi gani hapahapa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji noti mpya, na yote matatu yanaweza kuanza katika kikao kijacho cha bajeti.